Nawapeleka vijana wa kipaimara ziwani: Duluti, Momela au Chala?

MamaNeema_Soweto

Habari za jioni wanajamvi. Naomba mawazo ya wanaoyafahamu maeneo haya kwa miguu yao.

Mimi ni mwalimu wa kipaimara hapa Moshi, Kilutheri. Nina vijana thelathini na wawili wa miaka kumi na tatu hadi kumi na tano, na kabla ya ibada yao tunataka siku moja ya kutoka. Wazazi wamechanga, gari tumepata. Kundi lililotangulia lilipelekwa kwenye bustani moja yenye bembea na spika kubwa. Walirudi wamechoka, na nilipowauliza wameona nini, walichokumbuka ni chipsi. Roho iliniuma, maana hawa ni watoto wanaouliza maswali mazuri darasani kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Safari hii nataka maji, miti, na mahali penye historia ambayo kijana akiisikia itambidi akae nayo. Nimesikia majina matatu: Duluti kule Tengeru, Momela ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na Chala upande wa Rombo. Tunatoka asubuhi na lazima turudi kabla giza halijaingia. Tunao pia wazee wa kanisa wawili, akina bibi, na mmoja goti linamsumbua, ila amesema habaki nyumbani.

Mngekuwa mimi mngewapeleka wapi, na mngeanza na nini mkifika?


Rombo_Kwetu

Bwana asifiwe Mama Neema. Mimi mtu wa Rombo, kwa hiyo moyo wangu uko Chala, lakini nitakupa na yale yasiyonifurahisha.

Ziwa Chala limekaa ndani ya shimo la volkano. Ukisimama ukingoni, maji yako chini kabisa, ukuta wa mawe kama mita mia unashuka kuyafuata. Rangi hutoka buluu ikaenda kijani kadiri jua linavyopanda. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Huoni mto mkubwa ukiingia wala kutoka: maji yanafika chini kwa chini kutoka miteremko ya Kilimanjaro na yanaondoka vivyo hivyo. Perege wake ana aina yake, asili yake ni ziwa hilo tu. Mwaka 2016 wanasayansi wa mataifa kadhaa walitoboa tope la chini zaidi ya mita 200, na humo wanasoma habari za mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa miaka inayokaribia 250,000. Na kama unataka vita, Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza lilipitia vilima vya Chala kuwazunguka Wajerumani waliokuwa wameshikilia Taveta. Njia ya kuja Moshi ilifunguka hapo.

Sasa upande wa pili. Kushuka mpaka kwenye maji ni mawe matupu, bibi mwenye goti atabaki juu siku nzima. Na vijana wa umri huo wakiona maji ya buluu watataka kuogelea. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea Chala. Wapo wanaosema mamba wameisha, mimi siwezi kukuambia umpeleke mtoto wa mwenzako kuhakikisha. Chala waende wakiwa wakubwa.


KasiaTengeru

Mama shikamoo. Mimi nawapigisha watu kasia Duluti, kwa hiyo mwenye akili atajua nitasema nini, lakini nianze na Momela kwa haki.

Momela ni pazuri mno. Maziwa yenyewe ni kadhaa, yamekaa jirani kwa jirani na kila moja rangi yake, sababu mimea midogo ya majini inatofautiana. Maji yana magadi, ndiyo maana heroe wanayapenda. Utakutana na twiga, nyati, mbega. Eneo lilianza kama Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto mwaka 1960, likaongezwa Mlima Meru mwaka 1967, likawa Hifadhi ya Taifa Arusha. Ila ndani unakaa kwenye gari muda mwingi, kutembea kwa miguu lazima uwe na askari mwenye bunduki, na kiingilio ni kwa kila kichwa pamoja na gari. Kwa vijana zaidi ya thelathini andikeni barua TANAPA mapema, msifike getini mkaanza kuhesabu hela.

Duluti mnatembea wenyewe na muongozaji. Msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, malipo ni kwa kontroli namba. Watu wazima waje na vitambulisho vya NIDA, bei ya raia ni nyingine kabisa na ya mgeni. Mitumbwi inaingia watu wachache wachache, kila mmoja na jaketi lake la kuelea, na asiyevaa hapandi hata akiwa mchungaji. Njooni asubuhi, maji yametulia. Mchana upepo unaanza na wasiojua kupiga kasia wanazunguka palepale.

Kuhusu historia nitamwachia mwalimu wetu wa Patandi, najua yumo humu ndani.


MwalimuMstaafu_Patandi

Marahaba kijana wangu. Na wewe Mama Neema, mwalimu mwenzangu, karibu Meru.

Nimefundisha shule za msingi za Arumeru hadi nilipostaafu, na darasa la sita nilikuwa nalipeleka Duluti kila mwaka. Sikuwapeleka kupumzika. Niliwapeleka kwa sababu sijapata mahali pengine wilayani kwetu ambapo mtoto anaweza kushika ramani ya dunia kwa mikono yake kabla ya saa sita mchana. Nitakueleza nilivyokuwa nafanya, wewe uchukue unachokitaka.

Usianzie ziwani. Ukianzia ziwani umewapoteza, watakuwa wanawaza mtumbwi tu. Anzia makaburini.

Mkitokea Moshi mkishapita Usa River mnafika Tengeru. Kushoto kuna chuo cha mifugo, na ndani ya eneo la chuo kuna makaburi ya Wapolandi. Ni ndani ya taasisi, kwa hiyo mnajitambulisha getini. Yamezungushiwa ukuta, yametunzwa, makaburi yanayokaribia mia moja na hamsini, misalaba ya zege imepangwa safu. Wapo Wakatoliki, wapo Waorthodoksi, na wapo Wayahudi, wamelala uwanja mmoja.

Walifikaje? Waeleze vijana taratibu, kwa sababu njia yenyewe ni ndefu. Februari 1940, katikati ya baridi, askari wa Urusi ya Kisovieti walianza kuzigongea milango familia za mashariki mwa Poland usiku. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia na sehemu nyingine za mbali kukata magogo. Mwaka 1941 Hitler alipoishambulia Urusi, Stalin akahitaji marafiki, akakubali Wapolandi waachiwe. Wanaume wakaingia jeshini chini ya Jenerali Anders, Mpolandi mwenzao. Wanawake na watoto, wengi wao mifupa mitupu, wakavuka bahari ya Kaspi hadi Iran. Pale Waingereza wakajiuliza wawaweke wapi watu wote hawa vita ikiendelea, wakazitazama koloni zao. Karibu elfu kumi na nane waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hapa Tanganyika kulikuwa na kambi Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na kubwa kuliko zote ikawa Tengeru, kuanzia 1942. Watu kama elfu tano. Kwa Tengeru ya wakati ule hilo lilikuwa jiji.

Walijengewa nyumba za mviringo zenye mapaa ya nyasi. Wakaweka shule, hospitali, kanisa, mashamba, karakana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mkubwa wakati huo, na alikuwa akiwapelekea ndizi na maziwa. Alichokuwa akikirudia mpaka uzee wake si rangi yao. Ni kwamba walikuwa wazungu wasio na kitu. Mpaka siku ile mzungu aliyemfahamu ni mwenye shamba, mwenye farasi, mwenye amri. Sasa anakutana na mama wa Kizungu amevaa nguo yenye kiraka anayepunguziwa bei ya ndizi, na anamshukuru kwa kuinama. Bibi alisema yule mama alikuwa na binti wa rika lake, na binti hakuwa na baba, na hakujua baba yuko wapi. "Nikamwona ni mtu," ndivyo alivyosema bibi. Nimesoma vitabu kadhaa vya historia, na bado sijapata sentensi iliyonifundisha ukoloni kuliko hiyo.

Basi mkifika makaburini, kila kijana mpe kaburi moja. Aliandike jina kwenye karatasi herufi kwa herufi kama lilivyo, hata kama hawezi kulitamka. Aandike mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, apige hesabu ya umri. Halafu wasimame duara, kila mmoja asome jina na umri. Utaona wenyewe wanavyobadilika sura wanapoanza kusikia umri wa wadogo zao. Siberia iliwachosha, malaria ikawamalizia. Ukishafanya hivyo huna haja ya hotuba. Mchungaji akitaka kuomba, aombe, lakini mwambie awe mfupi.

Baada ya hapo ndipo muende ziwani. Si mbali. Na sasa ziwa lenyewe litakuwa na watu ndani yake, kwa maana watoto wa kambi ile walikuwa wakienda Duluti kama watoto wetu wanavyokwenda.

Kuhusu ziwa lenyewe. Ni shimo la volkano lililojaa maji, eneo lake ni kama hekta 62 hivi, na msitu unaolizunguka ni hekta 19 tu. Waambie vijana wazitazame hizo namba mbili. Msitu ni ukanda mwembamba, na ukishapanda ukingo, nyuma yake ni kahawa, migomba na nyumba. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji ni ya mvua na ya ardhini. Maana yake chochote kinachoingia mle hakina pa kwenda. Sabuni ya mtu anayefua, dawa ya nyanya iliyosombwa na mvua, chupa ya soda, vyote vinabaki. Nilikuwa naligawa darasa, wavulana wanahesabu ndege na wasichana wanahesabu chupa, mwaka unaofuata nabadilisha. Siku ambayo chupa zilizidi ndege sikuwahi kuwa na kazi ya kuwaelezea mazingira ni nini.

Mtaambiwa pia kwamba ziwa lina kina cha mita 700, au limeungana na bahari. Nimezisikia hadithi hizo tangu nanyonya. Waliolipima kitaalamu walikuta mita 9 hivi mahali penye kina kirefu. Mimi nilikuwa nawaacha watoto wabishane kwanza, kila mmoja aandike anavyodhani, ndipo ninawaambia. Wengine walikuwa wakikasirika kabisa, kana kwamba nimewaibia. Lakini waambie na hili: mita 9 zinatosha kumzamisha mtu mzima, na chini ni tope linaloshika mguu. Hakuna kuogelea.

Njia ya kuzunguka ziwa kwa mwendo wa vijana ni kama saa moja na nusu. Mtapita chini ya mikuyu minene, mtamwona kenge akiota jua kwenye gogo, kima juu ya matawi, mnandi wakikausha mabawa. Furukombe akilia mtajua, hahitaji kutambulishwa. Tembeeni kimyakimya kipande cha kwanza. Vijana wa siku hizi wanaweza kukaa kimya, mradi uwaambie wanasikiliza nini.


MtotoWaPoli

Shikamoo mwalimu. Nakuheshimu, na ulimfundisha dada yangu. Lakini hapa nina neno.

Kwa nini watoto wetu wakasome majina ya Wapolandi mia moja na hamsini, waliowekewa kambi, hospitali, shule na serikali ileile iliyomchomea nyumba babu yangu? Babu alitolewa Engare Nanyuki mwaka 1951. Alitoka na ng'ombe wachache, wakaambiwa waende King'ori, huko ng'ombe wakafa. Hana kaburi lenye uzio wala kibao. Watalii wanashuka Tengeru na maua wanaelekea kwa Wapolandi, na wanapita mbele ya wajukuu wa waliofukuzwa bila kuuliza. Mama Neema ni mgeni wetu na nia yake ni njema. Ila ukimwonyesha upande mmoja ataondoka na upande mmoja.


MwalimuMstaafu_Patandi

Marahaba mwanangu. Salimia dada yako, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote.

Uliyoyasema ndilo somo la mchana, na nilikuwa nalifundishia pale pale ukingoni mwa Duluti, baada ya kula. Asubuhi ni makaburi, mchana ni Engare Nanyuki. Moja bila jingine halikamiliki, na ninafurahi umelileta wewe mwenye damu ya jambo hilo.

Mama Neema, sikiliza. Ardhi nzuri ya chini ya Mlima Meru ilianza kuchukuliwa na walowezi tangu enzi ya Wajerumani. Wameru wakabanwa katikati: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya wageni. Upande wa kaskazini mashariki, nyuma ya mlima, walikuwa wamepata malisho Engare Nanyuki, baadhi ya ardhi hiyo wakiwa wameinunua kwa fedha zao. Baada ya vita, Jaji Mark Wilson akapewa kazi ya kupanga ardhi za Arusha na Moshi, na ripoti yake ya 1946 ikapendekeza eneo lile liwe la ufugaji wa Wazungu moja kwa moja. Wameru wakakataa. Novemba 1951 askari wakaja. Watu kama 3,000 wakatolewa, nyumba zikachomwa.

Angalia miaka. Kambi ya Tengeru ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo upande huu wa mlima walikuwepo watu waliogongewa mlango usiku na askari, wakapakiwa, wakapoteza mashamba yao. Upande ule wa mlima, serikali iliyowapokea hao ilikuwa ikiwagongea wengine. Ni mlima mmoja. Siku ya mawingu machache mtauona kutoka ziwani.

Mimi siwezi kuwalaumu wale akina mama wa Poland. Hawakuichagua Tengeru, wala hawakuitwa walipoketi waliopanga kuitwaa Engare Nanyuki. Wengi hata hawakuweza kurudi kwao, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimeshaingizwa ndani ya mipaka ya Urusi. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Wachache walibaki hapa wakazeeka, nao wamezikwa palepale. Lakini nalilaumu kabati la serikali ya kikoloni lililokuwa na faili mbili, moja ya kumhurumia mfukuzwa na moja ya kumfukuza mwenyeji, na mtu yuleyule akizisaini zote mbili. Kijana wa miaka kumi na minne anaielewa hiyo dhuluma mara moja, bila kumchorea ubaoni.

Na sasa sehemu ambayo vijana wako wa Moshi ni yao kabisa. Wameru walichangishana, wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, kwenda Umoja wa Mataifa New York. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, lile lililosimamia nchi kama Tanganyika, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, akaeleza habari ya Engare Nanyuki mbele ya Waingereza wenyewe. Aliyewasaidia kuandaa kesi ile ni wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda. Na ofisi yake ilikuwa Moshi! Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikufikisha theluthi mbili ya kura, kwa hiyo ardhi hawakurudishiwa kwa njia hiyo. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akihadithia, na watu wakajua kwamba mkulima anaweza kumshitaki mkoloni mbele ya dunia. TANU ilizaliwa mwaka 1954, na wazee wetu hapa hawatenganishi mambo hayo mawili.

Kwa kuwa ni Walutheri, mna na jambo la tatu, nalitaja tu. Akeri si mbali na hapo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko, na Wajerumani wakalipiza kwa umwagaji damu mkubwa na kupora mifugo. Misheni ilirudi 1902, ikajenga Nkoaranga. Nalo linataka siku yake, msilibane siku hiyohiyo.

MtotoWaPoli, kama babu yako alikuachia simulizi, njoo uisimulie mwenyewe. Mimi nitashika makaburi, wewe shika Engare Nanyuki.


MtotoWaPoli

Nimekuelewa mwalimu. Mama yangu anayo simulizi yote, hata jina la ng'ombe aliyekufa njiani. Nikimpata wa kumshika mkono nitamleta yeye. Mama Neema ukitupa tarehe nitamwambia.


MamaNeema_Soweto

Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu kwa sauti. Mungu awabariki.

Tumezaliwa Moshi, tumesoma Moshi, na hili la Seaton hatukuwahi kuambiwa na mtu. Nitawapa vijana kazi kabla ya safari: kila mmoja amuulize mzee mmoja nyumbani kwao kama aliwahi kulisikia jina hilo, na walete majibu Jumapili.

Tunakwenda Duluti. Rombo_Kwetu asante kwa ukweli wako, Chala nitawaambia waisubiri.

Maswali ya mwisho ni ya kawaida. Tulipanga Jumamosi, inafaa? Bibi mwenye goti akae wapi wakati wenzake wanazunguka? Na chakula, tupike nyumbani au kinapatikana? Mama yako, MtotoWaPoli, tutamfuata na gari popote alipo, hakuna haja ya kumtafutia usafiri.


KasiaTengeru

Mama, Jumamosi ni gulio la Tengeru, ndiyo siku kubwa. Kuanzia saa tatu asubuhi barabara inajaa mikokoteni, ndizi, mitumba, Coaster yenu itakaa hapo ikipiga honi. Mkiweza wekeni siku nyingine ya wiki wakati wa likizo, ila si Jumatano, nayo ni siku ya soko. Kama lazima Jumamosi, muwe mmeshaingia kwa mwalimu makaburini saa mbili. Yaani Moshi mtoke saa kumi na mbili kamili.

Bibi atakaa sehemu ya kupumzikia karibu na maji, kuna kivuli na gari linafika karibu. Mimi mwenyewe nitampandisha mtumbwi wa kwanza kabla ya vijana, akiwa tayari. Mtumbwi haumtaki mtu goti, unamtaka akae katikati asisimame. Azunguke taratibu, awaone mnandi kwa karibu kuliko hao wanaotembea.

Chakula pikeni nyumbani. Msije na vile vikombe na sahani za kutupa, leteni sahani zenu mrudi nazo. Mwalimu akiona sahani ya plastiki majini atanilaumu mimi.


MwalimuMstaafu_Patandi

Siku ya kazi itanifaa zaidi, nitaongea na chuo mapema wajue mnakuja. Nitawasubiri getini.

Kila kijana aje na kalamu na karatasi ngumu, si simu, kwa kazi ya makaburini. Wavae raba, wasije na ndala: kipande cha njia chenye mizizi kinateleza asubuhi kabla jua halijafika. Na mama yake MtotoWaPoli aletewe kiti chenye mgongo, maana akianza kusimulia hamtatoka hapo chini ya saa nzima.